Kinyozi aliyewapendezesha waraibu hadi wafadhili wakakataa kuamini

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, jua bado linajivuta, na tayari kuna mtu kwenye kiti cha kinyozi huyu. Banda ni la mabati. Kioo ni kimoja, kina ufa uliozibwa kwa plasta ya hospitali. Mashine ya kunyolea inapata umeme kutoka kwenye betri ya gari iliyowekwa chini ya meza. Nje, kwenye benchi refu, wanaume kadhaa na wanawake wawili wamejikunyata kwa baridi.

"Tulia basi," kinyozi anamwambia aliye kitini. "Nikikukata sikio mkeo atakuja kunidai."

"Mke mwenyewe yuko wapi? Si alishanikimbia."

"Ndiyo maana nakunyoa vizuri. Arudi."

Benchi zima linacheka. Kinyozi mwenyewe hacheki, anapuliza nywele shingoni mwa mteja na kuendelea. Ana miaka arobaini na mitatu, na kichwani hana hata unywele mmoja, kwa hiyo kijiji kizima kinamwita Kipara. Wanaomtania kwamba labda hauamini mkono wake ana jibu lao tayari: "Nimejimaliza mimi kwanza. Nyie mnafuata."

Watu hawa hawakuamkia kunyolewa. Wanasubiri gari jeupe kutoka hospitali ya wilaya, mwendo wa saa mbili kwa barabara ya vumbi, linalowaletea methadoni. Ni dawa ya maji, inayonywewa kila siku, inayotuliza arosto, yale maumivu yanayomvunja mtu mifupa anapoikosa heroini. Huku hakuna anayesema heroini. Wanasema unga.

Gari likifika, muuguzi anafungua dirisha la ubavuni. Kila mmoja anasogea, anapewa kikombe kidogo, anakunywa, kisha anatakiwa aseme neno lolote kwa sauti, ili muuguzi, ambaye wote wanamwita Sista, ahakikishe dawa imemezwa na haikufichwa mdomoni.

"Neno?" anauliza Sista.

"Sista umependeza."

"Hilo umesema jana. Neno jipya."

"Sista umependeza kuliko jana."

"Haya, pita."

Gari hilo, mshahara wa Sista, mafuta na dawa vyote vinalipwa na ruzuku ya huduma za waraibu vijijini. Na ruzuku hiyo, wasomaji, iliponea chupuchupu. Nusura iondoke kwa sababu ya nywele. Aliyekaribia kuiua kwa mkono wake ni huyuhuyu Kipara, mtu anayeihitaji kuliko wote.

Unga uliingia kijijini pamoja na barabara kuu. Malori yalianza kulala hapa, vibanda vikaota pembeni, na vijana wakapata kazi ya utingo. Mdogo wake Kipara, wa mwisho kuzaliwa, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mcheshi, mwepesi, anayeimba huku akifunga turubai. Mwaka wa kwanza alirudi na viatu vipya. Mwaka wa tatu alirudi bila viatu.

Kipara anakumbuka siku alipoitwa nyuma ya ghala la mahindi. Alimkuta mdogo wake amelala kifudifudi, midomo imekuwa rangi ya majivu, anakoroma mkoromo wa ajabu, kisha kimya.

"Sikujua nifanye nini. Wallahi sikujua," anasema, akishika meza. "Nilimmwagia maji. Nikampiga makofi. Mtu akaleta maziwa, tukamtia mdomoni mtu ambaye hata hapumui! Tungemuua sisi wenyewe. Lori likapita, dereva akawa na roho nzuri, akatubeba. Ni bahati tu. Hakuna jingine."

Hospitalini kijana alizinduka. Wakamwandikia methadoni, lakini lazima aifuate palepale hospitali, kila siku ya Mungu.

Kipara huhesabu mambo yake yote kwa vichwa anavyonyoa. Siku nzuri ananyoa vichwa kumi. Nauli ya mdogo wake kwenda na kurudi ilikuwa vichwa vinne. Chakula cha nyumbani, pamoja na mama yao, vichwa vitatu. Chaji ya betri, kimoja. Ukifika msimu wa kulima, wanaume wakiwa shambani na nywele zao, vichwa vinashuka hadi viwili kwa siku, na hapo hesabu zinakataa.

Kijana alikwenda hospitali wiki tatu. Kisha nauli ikakosekana, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudi kwenye unga.

Ruzuku ilipotangazwa, wakubwa wa kijiji walikaa kumchagua mtu wa kufundishwa kazi ya kuwafuata waraibu walipo na kuwaokoa wanaozidisha unga. Likatajwa jina la mwalimu mkuu, likatajwa la katibu wa maji. Sista akauliza swali moja: waraibu wanaongea na nani?

"Wakamtazama Mwenyekiti wa kijiji," anasimulia Sista akicheka. "Mwenyekiti akasema, 'Hao hawaongei na mtu, labda Kipara, maana akishakuwekea wembe shingoni utakimbilia wapi?' Nikasema basi, ni huyo."

Na ndivyo anavyofanya kazi mpaka leo. Hahubiri. Anamwambia mtu kaa nikunyoe, bure. Mraibu ambaye hajaguswa na mkono wa mtu kwa upole miezi mingi anakaa, anafumba macho. Katikati ya kichwa, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, Kipara anazima mashine na kuuliza: "Jana ulitumia na nani?" Hakuna anayeondoka na nusu kichwa. Wanajibu.

Kwenye msumari, kando ya taulo, imening'inia mifuko midogo yenye dawa ya kupuliza puani, inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha unga. Ameshaitumia mara nne. Mmoja wa waliorudi ni yule aliyekimbiwa na mke.

"Unamwita, haitiki. Unamsugua kifuani kwa ngumi, haitiki. Unapuliza puani, unampumulia, unamlaza ubavu. Halafu unasubiri," anasema Kipara. "Kule kusubiri ndiko kubaya. Akivuta pumzi ya kwanza, mimi huwa namtukana. Sista kanikataza, lakini sijaweza kuacha."

Si wote waliorudi. Fundi viatu mmoja, mtaratibu, alikufa msimu wa mvua, gari lilipokwama matopeni siku mbili na yeye akashindwa kuvumilia arosto. Kipara hapendi kulizungumza. Alimnyoa kwa mara ya mwisho siku ya mazishi.

Mdogo wake alikuwa wa tatu kujiandikisha kwenye gari. Hajakosa dozi tangu hapo, ila zile siku mbili za matope. Lakini kulikuwa na jambo moja nyumbani kwao lililokuwa halisemwi.

Mama yao, mjane anayeshona magunia, alikuwa amewaambia majirani kwamba kitinda mimba wake anafanya kazi kwenye kampuni mjini. Kijana aliporudi akawa anaonekana kila siku uani, mama akasema yuko likizo. Likizo hiyo ikafika mwezi wa kumi na moja. Hata serikali haina likizo kama hiyo! Lakini majirani ni watu, waliitikia, "Ee, kampuni nzuri hiyo," wakapita.

"Nilijua wanajua," anasema mama huyo bila kuinua macho kwenye sindano yake. "Na wao walijua najua. Lakini neno lenyewe lilikuwa halipandi kooni."

Ruzuku ya kwanza ilikuwa ya miaka miwili tu. Ili iongezwe, wafadhili wangetuma watu wa tathmini, waje waone kwa macho yao kama wahitaji wapo kweli. Barua ilipofika, Mwenyekiti aliitisha watu na kutoa agizo lake kubwa: "Wageni wanakuja. Tusitiane aibu. Kila mtu apendeze."

Agizo hilo, kwa mtu mwingine, lingeishia kwenye kufagia. Kwa kinyozi lilikuwa wito.

Kipara alifunga banda kwa wateja wa kulipa siku mbili nzima. Akawanyoa waraibu wote thelathini na mmoja, kichwa na ndevu, akawasugua shingo kwa kitambaa cha moto, akawakata na kucha. Wanawake wawili wakasukwa na jirani. Yakaazimwa mashati. Kijana mmoja akaja na suti aliyofungia ndoa kaka yake, mikono imefunika vidole. Mdogo wake Kipara alivaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Nilisimama nikawaangalia," anasema Kipara. "Nikasema, leo nimefanya kazi. Kumbe nimefanya balaa."

Wageni walifika saa nne, watu watatu, kiongozi wao mama wa makamo mwenye miwani na kofia ya jua. Wanakijiji walijaa uwanjani. Viti vya mbele walikaa waraibu, wametulia. Mama yake Kipara alikuwa pembeni kwenye meza ya chai na wanawake wenzake.

Mgeni akazungusha macho mstari wa kwanza, mara mbili. Akaulizia wagonjwa.

"Ndio hao mbele yako, Mama," akajibu Mwenyekiti kwa fahari.

Mama wa miwani akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyechoka kudanganywa. Akasema amefanya kazi hii miaka mingi. Ameshapelekwa mahali akaoneshwa wanakwaya akaambiwa ni waraibu. Ameshaoneshwa walimu. Hana hasira, akasema, ila fedha hizi kuna wengine wanazihitaji kweli.

Mwenyekiti akaanza kutoka jasho. Akamgeukia Sista. Sista naye amefungwa mdomo: siri ya mgonjwa ni siri, hawezi kumnyooshea mtu kidole mbele ya kijiji kizima na kusema huyu ni wangu. Alichoweza kusema ni kwamba watu wapo, na dawa inanywewa.

"Sawa," akasema mgeni, "basi nirahisishie. Wanaotumia dawa wanyooshe mikono."

Hakuna mkono ulioinuka.

Msiwalaumu. Nyuma yao walikaa wakwe, mabalozi wa nyumba kumi, watoto wao wa shule. Hilo neno mtu hulisema kwenye kiti cha Kipara, nusu kichwa kikiwa kimenyolewa, si uwanjani na kipaza sauti. Aliyevaa suti akatazama viatu. Yule aliyekimbiwa na mke akakohoa. Mgeni akafunga begi lake.

Kipara anasema pale macho yake yalikuwa kwenye lile begi. Alikuwa anaona gari jeupe likiondoka na kutorudi. Alikuwa anaona wiki tatu za nauli, na wiki ya nne, na ghala la mahindi. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akamtazama mama yao, akainamisha kichwa.

"Ningeinua mkono, ningemvua mama nguo mbele za watu," anaeleza kijana huyo. "Kanitunzia uongo ule mwaka mzima. Ningeuvunja mimi?"

Aliyeuvunja ni mwenye uongo. Bibi huyo, mama yao, aliweka birika chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akapita katikati ya viti, taratibu, magoti yake si mazima, mpaka akasimama nyuma ya kiti cha mwanawe wa mwisho. Akamwekea mkono begani na kusubiri. Kijana akageuka kumwangalia, akaitikia kwa kichwa.

"Mama mgeni, usiondoke," bibi akasema. "Mimi ni mwongo. Nimewadanganya majirani zangu hawa kwamba huyu anafanya kazi mjini. Hana kazi. Hana likizo. Huyu ni teja, na nimemzaa mimi, tumbo hili."

Bibi akaendelea, mkono bado uko begani mwa mwanawe.

"Alikuwa analala kwenye mtaro. Aliuza sufuria zangu, akauza na mfuniko. Ukimwona leo amenyolewa, shati limenyooka, ukasema si mgonjwa, mimi nashukuru, maana hicho ndicho nilichokuwa nakililia. Lakini usiseme hayupo. Ukisema hayupo, gari haliji, na mimi nitamfukia."

Kijana akasimama. Akafungua kifungo cha mkono wa shati, akakunja mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono wenye makovu mbele ya yule mama wa miwani.

Aliyevaa suti akavua koti. Kisha yule wa kando yake. Mikono ya mashati ikawa inakunjwa mstari mzima, na nyuma yao mwanamke mmoja akasimama, akasema kwa sauti kubwa, "Na huyu wangu!" Alikuwa ni yule mke aliyekimbia. Hakuna aliyejua hata kwamba amekuja.

Mgeni alivua miwani, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye benchi la kinyozi lililokuwa limeletwa uwanjani. Kisha akamuuliza Kipara, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, nani kamwambia awanyoe watu hivi siku ya tathmini.

"Sasa Mama," Kipara akajibu, "wewe utoke huko kwako, uje kwangu, nikupokee na ndevu?"

Ndipo mama yule akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na Mwenyekiti aliyekuwa hajavuta pumzi kwa dakika kadhaa akaivuta. Kabla ya kuondoka mgeni alikwenda kwenye meza ya chai, akamshika bibi mikono miwili, akamwomba radhi. Walizungumza pembeni muda mrefu. Bibi amekataa kumwambia mwandishi walichozungumza. "Ya wanawake," amesema.

Kijana mwenyewe anakumbuka siku ile hivi: "Nilitaka ardhi ipasuke niingie. Halafu jioni jirani akapita, akaniambia, 'Karibu nyumbani, likizo imeisha?' Tukacheka wote. Sijawahi kulala usingizi kama ule."

Ruzuku imeongezwa kwa miaka mitatu. Gari limepata matairi ya matope. Na lipo jambo jipya: waliotoa fedha walimuuliza Kipara angependa kuongezewa nini, akasema vinyozi. Vijiji saba vya jirani vimeleta kila kimoja kinyozi wake, na kila wiki wanakaa bandani humu wakijifunza kutambua mkoromo wa mtu aliyezidisha, kupuliza dawa puani, kumlaza ubavu. Wanafundishana pia kuzima mashine katikati ya kichwa. Kipara anasema hilo ndilo gumu kuliko yote, wengi wanaingiwa na huruma wakamaliza kunyoa.

Mambo si shwari kabisa. Katika wale thelathini na mmoja, wawili wamerudi kwenye unga, na Kipara anawafuata kila jioni kule kwenye malori akiwa na kitambaa chake cha moto kwenye chupa ya chai. Posho anayopewa ni sawa na vichwa vyake vya siku kumi na mbili kwa mwezi, na haitoshi. Analalamika wazi, na ana haki. Mwandishi naye alikwenda bandani na nywele, akarudi hana, na alilipa.

Jioni, nyumbani kwao, mdogo mtu anaanika taulo za banda kwenye kamba. Mama yuko mlangoni na gunia lake mapajani, sindano inaingia na kutoka. Kipara amekaa kwenye kigoda, amevua viatu. Anaulizwa anatarajia nini sasa, baada ya yote haya.

"Nikikwambia utaniona mjinga," anasema, akishusha sauti. "Mimi nataka mama azikwe na wanawe wawili. Mimi nishike upande huu, mdogo wangu ashike ule. Basi. Kuna wakati nilijua kabisa kwamba ni mama atakayemzika huyu. Nilishaanza kutafuta maneno ya kwenda kumwambia."

"Nasikia!" Mama yao anakata uzi kwa meno, analikunjua gunia, analitazama dhidi ya mwanga. "Mtanizika, sawa, wote wawili. Lakini nani kawaambia mimi nina haraka?"